DAWA YA KUZIBA GASKETI YA HEDI: MATUMIZI NA MIPAKA YAKE

Wenye magari, pamoja na watumishi waliokabidhiwa magari ya Serikali, wanaombwa kuzielewa vyema dawa za chupa zinazouzwa kwa ajili ya kuziba gasketi ya hedi iliyoungua. Bei ya chupa moja ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kufungua injini, na hapo ndipo ulipo mtego. Dawa ikitiwa pasipostahiki, injini iliyohitaji gasketi moja tu huweza kuharibika yote.

Gasketi hiyo hukaa baina ya bloku la injini na silinda hedi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa ndani ya silinda, maji ya kupoozea na mafuta ya kulainishia. Aghalabu huharibika baada ya injini kuchemka.

Dawa nyingi za aina hii hutengenezwa kwa silikati ya sodiamu, iitwayo pia maji ya kioo. Hutiwa katika rejeta, huzunguka pamoja na maji, na ifikapo penye ufa wenye joto kali hukauka na kuganda mithili ya kioo. Kwa hiyo ufa mwembamba unaovuja kidogo kidogo waweza kuzibika kwa muda. Lakini maji ya rejeta husukuma kwa takriban paundi 15 kwa inchi ya mraba, ilhali mripuko wa ndani ya silinda husukuma kwa mamia ya paundi. Gasketi iliyotoboka kati ya silinda na silinda haizibiki kwa ganda hilo. Wala dawa hainyoshi hedi ya alumini iliyopinda, na kupinda kwa kadiri ya unene wa unywele kunatosha kuleta uvujaji.

Khatari kubwa ni dawa kuingia katika mafuta. Mwaka 2009 Serikali ya Marekani ilitoa ruzuku kwa wananchi waliobadilisha magari yao makuukuu, na ikaagiza injini za magari hayo ziuliwe ili zisirudi barabarani. Njia iliyotumika ilikuwa kumwaga mafuta ya injini, kutia badala yake myeyuko wa silikati ya sodiamu, na kuiendesha injini hadi ikwame. Kemikali ni ile ile. Basi mafuta yakionekana kama chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, dawa isitiwe kabisa na injini isiwashwe.

Akilazimika mtu, gari ikiwa imekwama shamba mbali na fundi, asome kwanza maelezo ya chupa. Dawa nyingi hutaka kulanti imwagwe na njia za maji zioshwe kwa maji safi, kwani vikichanganyika huweza kufanya utando mzito. Rejeta isifunguliwe kabla injini haijapoa. Rejeta iliyokwisha kujaa chokaa ya maji ya kisima, jambo lisilo geni hapa visiwani, huzibwa zaidi na dawa hiyo.

Dereva wa gari la Serikali asitie dawa kwa hiari yake. Moshi mweupe usiokoma, au maji kupungua bila ya kuonekana yanakovujia, aripoti siku hiyo hiyo. Aliyekwisha kuitia amweleze fundi, kwani mabaki yake hung'ang'ania na yapasa kuondolewa kabla ya gasketi mpya kufungwa.