Jinsi ninavyokikamua kichwa cha habari kilichozeeka

Sanduku la bati la marehemu baba lilitandikwa magazeti ndani, chini na pembeni, ili nguo zisishike kutu. Baba alikuwa mwalimu. Nilipolifungua hapa nyumbani Mudzipela, shati lilikuwa moja na magazeti yalikuwa mengi: Elima, Salongo, yote ya Kinshasa, yote kwa Kifaransa, yote yameonjwa na mende. (Salongo, kwa vijana wasioijua, ndiyo ile kazi ya pamoja ya lazima enzi za Mobutu. Gazeti likiitwa hivyo hulisomi, unalilima.)

Tangu siku hiyo nina mchezo, na watu huniuliza naufanyaje. Nachukua kichwa cha habari cha zamani, nakiamini kabisa, halafu najiuliza: kesho yake asubuhi, nani alipata taabu?

Anza kwa kukitoa kwenye Kifaransa. Kifaransa cha serikali huvaa viatu hata kitandani. Kisimulie kwa Kiswahili kama unavyomweleza mama anayeuza samaki sokoni, tena ana haraka. Desemba 1979 lilitumika neno refu la kibenki kuhusu noti za zaire 5 na 10. Kwa Kiswahili chetu: pesa imekufa. Ukishasema imekufa, maswali yanajileta yenyewe. Matanga yako wapi? Maiti wamelala chini ya godoro la nani?

Kisha mwache mkubwa aliyetoa amri, mtafute mdogo mwenye kitu mkononi: sindano, sufuria, wavu. Hapa Bunia tuna bahati ya pekee. Saa yetu iko mbele ya Kinshasa kwa saa nzima, lakini gazeti lao lilitufikia limechoka, limepita kwenye mikono mingi. Maana yake daima kulikuwa na mtu huku anayevunja sheria ambayo hajaisikia. Mtafute huyo.

Mfano wangu ninaoupenda uko karibu, mtelemko wa kwenda Kasenyi. Mwaka 1973 Ziwa Albert lilipewa jina la Ziwa Mobutu Sese Seko. Albert alikuwa mume wa Malkia Victoria wa Uingereza. Jina lake lilibandikwa na Samuel Baker mwaka 1864, na Albert mwenyewe hakuwahi kutia hata kidole majini. Kumwondoa ilikuwa haki tu. Lakini hebu shuka ufukweni kesho yake asubuhi. Mama anafua kama jana, ila leo povu lote linamwingia Rais. Mtoto aliyekojoa majini jana alikula kofi; leo ni uhaini. Mtu akizama, karani ataandika nini? Kwamba raia amepotelea ndani ya Mobutu? Na yule samaki mkubwa tunayemwita kapiteni! Mwaka mmoja kabla, watu walilazimishwa kuacha majina ya ubatizo. Yeye bado ana cheo cha kikoloni, anaishi ndani ya Kiongozi bila kitambulisho, na anazidi kunenepa.

Nilikuwa nimeridhika na hayo mpaka nilipofungua ramani. Kule kusini, Ziwa Edward nalo lilikuwa limepewa jina la Idi Amin Dada. Mto Semliki hutoa maji Edward na kuyaleta Albert. Hii sikubuni, ni jiografia ya shule ya msingi. Kwa hiyo katika miaka ile Amin alimiminika ndani ya Mobutu usiku na mchana, bila visa, kisha wote wawili wakashuka na Nile mpaka Misri. Niliweka kalamu chini nusu saa nzima. Ukifika mahali ambapo ukweli unachekesha kuliko uongo wako, usiongeze chumvi.

Mfano mwingine: suti na tai zilipopigwa vita enzi zile zile, ikaja abacost, koti la kuvaliwa bila tai. Wazo la kwanza litakalokujia ni kwamba tai zikawa kamba za mbuzi. Litupe. Kila niliyemwomba ajaribu alianza na mbuzi. La pili, tai kuwa utambi wa koroboi, lina afadhali. La tatu ndilo lenye nyama: mpiga picha mwenye tai moja ya kuazimisha wateja, ambayo nusu ya mji imepigwa picha nayo. Kesho yake nusu ya mji ina ushahidi dhidi yake yenyewe, umewekewa fremu, unaning'inia sebuleni.

Hesabu pia huzaa. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Nikasema, kama serikali inaweza kugawanya kwa milioni tatu, igawanye vyote. Kutoka Bunia hadi Kinshasa, kwa njia ya ndege, ni kama kilomita 1,800. Gawanya: sentimita 60. Kinshasa ingekuwa hapo nyuma ya mlango, inasikia kila tunachokisema. Nikaandika upesi kwamba amri hiyo haihusu barabara.

Zile noti za 1979 ndizo zilizonifundisha adabu. Niliandika kwamba kuku aliyetandikiwa noti zilizokufa alilala tajiri kuliko mwalimu mkuu, nikasoma nyumbani jioni, watu wakacheka. Mama mkubwa hakucheka. “Ile ilikuwa pesa ya ng'ombe wangu,” akasema, akaendelea kuchambua lenga-lenga. Nilirudi nikaandika upya. Sasa tangazo linatoka siku yenyewe ya Noeli, tarehe 25, kama zawadi. Na kuku anapewa zile noti, anazigeuza kwa mdomo, anazikataa, anakwenda kutaga kwenye majani makavu. Benki pekee iliyosema kweli siku ile. Mama mkubwa alisema kuku huyo ana akili, akataka nisome tena sehemu ya mdomo.

Na andika mwaka, tena mstari wa kwanza. Mimi nilisahau. Niliirusha ile ya visa ya maji kwenye WhatsApp bila tarehe, na kesho yake dereva wa pikipiki akanisimamisha kuniuliza kama samaki wa Kasenyi watapanda bei, na ofisi ya visa imefunguliwa mtaa gani. Nilimweleza kuwa ni utani. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyefichwa habari na wakubwa, akasema atauliza kwingine.

Mwaka huu nilimpata mzee mmoja aliyevua ziwani miaka hiyo yote, Albert akiondoka, Mobutu akiingia, Albert akirudi. Nilikuwa na daftari tayari. Nikamwomba anisimulie siku ile jina lilipobadilika: waliambiwa na nani, walicheka, waliogopa, waliliitaje?

“Tuliita nini?”

“Ziwa, mzee. Mliliitaje?”

Alifikiri kidogo, kwa heshima ya safari yangu.

“Ziwani,” akasema. “Tulikuwa tunasema tunaenda ziwani.”