Piramidi ya Ikolojia na Viwango vya Ulishaji: Mfano wa Miamba ya Diani na Kisite

Utangulizi

Vitabu vya shule aghalabu hufafanua piramidi ya ikolojia kwa mfano wa nyasi, swala na simba. Mfano huo ni sahihi, ila kwa mwanafunzi wa Diani au Msambweni uko mbali na macho yake. Makala haya yanaifafanua istilahi hiyo kwa kutumia miamba ya matumbawe ya Kwale. Hoja kuu ni kwamba picha ya piramidi hueleza nusu tu ya uhusiano uliopo: huonyesha jinsi viumbe wa chini wanavyowabeba wa juu, lakini haionyeshi jinsi wa juu wanavyowalinda wa chini.

Viwango vya Ulishaji

Mnamo mwaka 1927, mwanaikolojia Mwingereza Charles Elton alieleza kwamba walao huwa wachache kuliko waliwao. Mwaka 1942, Mmarekani Raymond Lindeman aliuelekeza mjadala kwenye nishati inayopita kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Tangu hapo wataalamu hutofautisha piramidi tatu: ya idadi, ya uzito wa viumbe na ya nishati.

Katika bahari ya Kwale, kitako cha piramidi ni wazalishaji: mwani, nyasi za bahari na viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho, ambavyo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Juu yao wapo walaji wa kwanza, kama vile tasi. Wanafuata walaji wa pili, mathalani changu na kikande, ambao hula wanyama wadogo wa mwambani. Kileleni wapo tewa wakubwa na papa.

Kwa makadirio ya jumla, takribani asilimia 10 tu ya nishati ya kiwango kimoja huingia katika kiwango kinachofuata; iliyobaki hutumika katika kupumua, kutembea na kutoa joto, au hutoka kama kinyesi na mabaki. Kwa hesabu hiyo, kilo 10,000 za mimea ya bahari huweza kujenga kilo 1,000 za walaji wa kwanza, kilo 100 za walaji wa pili na kilo 10 tu za samaki wa kileleni. Ndiyo sababu tewa hawezi kuwa mwingi kama tasi, hata pale ambapo havuliwi kamwe.

Kilichotokea Mwambani

Kikande ana meno yenye nguvu, na miongoni mwa vyakula vyake ni nungunungu wa baharini, yaani yule kiumbe wa mviringo mwenye miiba anayejificha katika mashimo ya mwamba. Nungunungu huyo hula mwani na nyasi za bahari, na hukwangua jiwe la matumbawe anapolisha.

Watafiti Timothy McClanahan na Nyawira Muthiga, waliochapisha matokeo yao mwaka 1988, walionyesha kwamba katika miamba ya Kenya iliyovuliwa kupita kiasi nungunungu wa baharini walikuwa wameongezeka sana. Adui yao alipotoweka katika malema na nyavu, walizaliana bila kizuizi. Wanapokuwa wengi mno, hushindana na tasi kwa chakula na huuchimba mwamba kwa kasi inayoweza kuzidi ile ya matumbawe kujijenga. Joto la bahari la mwaka 1998 lilipoua matumbawe mengi katika pwani ya Kenya, athari hiyo ilizidi uzito.

Hali ni tofauti huko Kisite, karibu na Shimoni, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa miaka ya 1970 na uvuvi hauruhusiwi. Humo walaji wa nungunungu wangalipo, na nungunungu ni wachache. Katika eneo jirani la Mpunguti, uvuvi wa asili huruhusiwa.

Hata hivyo, si haki kumtwika mvuvi lawama yote. Anayekwenda mwambani kwa ngalawa hutafuta chakula cha siku hiyo, na kumfungia mwamba bila kumpa njia nyingine ni kumfungia jiko. Lakini waswahili husema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mwamba uliokwanguliwa leo hautamlisha mwanawe kesho.

Istilahi na Uhalisia

Mfano huu una funzo kwa mwanaisimu pia. "Mnyororo wa chakula" hudokeza mstari mmoja, ilhali kiumbe mmoja huliwa na wengi. "Utando wa chakula" hukaribia ukweli zaidi. "Piramidi" nayo hudokeza jengo lililotulia, ambalo kilele kikiondolewa kitako hubaki salama. Diani yathibitisha kinyume chake.

Hitimisho

Piramidi ya ikolojia ni kipimo cha kile ambacho bahari inaweza kutoa, na utando wa chakula ni maelezo ya kile kinachoidumisha. Dhana hizi mbili zapaswa kufundishwa pamoja. Aidha, majina kama tasi, changu, tewa na kikande yamo tayari vinywani mwa wavuvi. Mtunzi wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili angefanya vyema kuanzia bandarini kwao kabla ya kufungua kamusi ya kigeni.