Filta ya Hewa kwa Barabara ya Nakivale: Mafunzo Niliyopata

Lami ya kutoka Mbarara, Uganda, hupita Kaberebere na kuelekea Isingiro. Ukiiacha na kushika njia ya Nakivale, vumbi jekundu linakupokea. Mwezi wa Julai, lori la matoke likikutangulia, abiria wanaanza kupaza sauti: "Mzee, funga kioo, watoto wanakohoa!" Injini nayo inavuta hewa hiyohiyo. Mimi naendesha Toyota Premio yenye injini ya 1ZZ, na nimeshafunga filta za aina mbalimbali. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kazi ya filta ni kulinda injini

Kuunguza lita moja ya petroli kunahitaji takriban lita 9,000 za hewa. Ndani ya vumbi letu mna chembe za silika, ngumu kiasi cha kukwaruza chuma. Zikipenya, zinasaga ringi na kuta za silinda taratibu, mpaka gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Hapo fundi atakwambia injini ifunguliwe, na gharama yake hailingani kabisa na bei ya filta.

2. Papasa ukingo kabla ya kusifu karatasi

Kwenye maduka ya spea ya Mbarara utakuta filta halisi ya Toyota, ambayo namba yake huanza na 17801. Pembeni yake kuna Sakura ya Indonesia, na nyingine zimo kwenye maboksi yasiyotaja hata mtengenezaji. Muuzaji atasema, "Kaka, hii inaingia, saizi ni ileile." Mwombe uishike kwanza. Bonyeza ukingo wa mpira: uwe laini na urudi mahali pake. Mikunjo ya karatasi isimame sawa, bila kulaliana, na gundi isiwe na mapengo.

Kipimo cha kweli kinakuja baada ya kukimbia kwenye vumbi. Fungua boksi la filta, kisha pitisha kidole ndani ya bomba linalokwenda kwenye injini, upande ambao hewa imekwisha chujwa. Kidole kikitoka chekundu, kuna mahali vumbi linapita pembeni ya filta, hata karatasi ikiwa bora namna gani. Mimi naliamini jaribio hili kuliko maandishi yoyote ya kwenye boksi.

3. Pamba yenye mafuta siitaki huku kwetu

Filta za pamba za kuosha zimevuma sana kupitia K&N, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1969. Zinapitisha hewa kwa wepesi na zinadumu. Lakini ni lazima zikauke kabisa baada ya kuoshwa, kisha zipakwe mafuta yake maalumu kwa kiasi. Yakizidi, yanaweza kuchafua sensa inayopima hewa. Kwa vumbi laini kama letu, karatasi nzuri inanitosha.

4. Kompresa si dawa ya kila jioni

Upepo mkali wa kompresa unaweza kutoboa karatasi. Ukilazimika kupuliza, anzia upande safi kwenda upande mchafu, kwa nguvu ndogo. Kisha ingia gizani na umulike tochi nyuma yake: ukiona tundu linang'aa, itupe. Tena filta yenye vumbi kidogo hunasa vizuri kuliko mpya kabisa, kwa sababu tabaka la vumbi lenyewe husaidia kuchuja.

5. Usinunue ahadi ya kuokoa petroli

Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ililipima jambo hili mwaka 2009. Katika magari ya kisasa ya petroli, filta iliyoziba haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, maana kompyuta ya injini hupunguza petroli kulingana na hewa inayoingia. Kinachopungua ni nguvu, na utaihisi ukipanda vilima vya Isingiro ukiwa na abiria na mizigo yao. Magari ya zamani ya kabureta ndiyo yaliyoonekana kula zaidi.

6. Siku ya kubadilisha

Kabla ya kufungua, futa kifuniko kwa kitambaa kibichi, vumbi la juu lisidondokee ndani. Futa pia sakafu ya boksi, laza filta mpya mpaka ukingo ukae kote, halafu funga klipu zote.