Sote tuna AS, mchungaji anasema tuamini tu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mwanza. Nimeshachumbiwa na nusu ya mahari imetolewa. Tulipopima damu tuliambiwa sote wawili ni AS, yaani tumebeba kinasaba cha selimundu ingawa wenyewe tu wazima. Mchumba wangu anasema hiyo ni laana ya ukoo na imeshavunjwa kwa maombi. Mchungaji naye anasema majibu ya maabara ni ya wanadamu, na ametutolea mfano wa mke na mume wenye AS walioombewa, wakapata watoto wawili wazima. Dada yangu alifiwa na mtoto kwa ugonjwa huu. Nikisema naogopa, naambiwa sina imani. Nifanyeje?
Mchumba, Mwanza

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Unaogopa kwa sababu umeona mtoto akiteseka. Hilo si upungufu wa imani.

Mtoto hurithi kinasaba kimoja kwa mama na kimoja kwa baba. Kwa kuwa nyote ni AS, kila mimba yenu itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye selimundu. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba: kuzaa mgonjwa mmoja hakuwakingi wadogo zake.

Wala si laana. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki ulioonyesha kuwa AS humkinga mtu na malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea penye malaria nyingi kama Kanda ya Ziwa: watoto waliokuwa nacho walinusurika, wakakua, nao wakazaa.

Ushuhuda wa wale wanandoa siukanushi. Lakini wenzi wenye AS wakizaa watoto wawili, nafasi ya wote wawili kukosa ugonjwa ni tisa kati ya 16, zaidi ya nusu, wawe wameombewa au hawakuombewa. Na walioombewa wakazaa mgonjwa, nani amewahi kuwaita mbele washuhudie? Hapo ndipo sayansi na imani zinapoachana njia. Sayansi inalazimika kuwahesabu wote, walioshuhudia na walionyamaza, na yeyote anaweza kurudia kipimo na kuikosoa. Imani ni kumtegemea Mungu. Haikuambii damu yako ni ya aina gani. Inakupa nguvu ya kuishi na jibu ulilopewa, na ya kumbeba mtoto anayelia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Nguvu hiyo huipati maabara.

Mweleze mchungaji kwa heshima kwamba hesabu hiyo ya moja kati ya nne imetoka kwa mtawa, Gregor Mendel, aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri mjini Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Sala hazikumzuia kuhesabu.

Sasa fanya hivi. Kwanza, rudieni kipimo katika hospitali inayotenganisha aina za hemoglobini, kwani kipimo cha haraka peke yake hakitoshi. Pili, nendeni pamoja kwenye kliniki ya selimundu, kama ya Bugando hapo Mwanza, mkaonane na mtaalamu. Mnaweza kuachana bila dhambi yoyote. Mnaweza kuoana mkaasili mtoto. Mkiamua kuzaa, basi mtoto apimwe mapema, apate dawa za kumkinga na maambukizi, awe na bima, na daktari akishauri dawa ya haidroksiyurea, aipate.

Mtu mzima anaweza kuhatarisha maisha yake mwenyewe kwa ajili ya imani yake. Mtoto hajaulizwa. Kwa hiyo muulize mchumba wako waziwazi: "Tukizaa mgonjwa, utampeleka kliniki pamoja nami, au utasema ameugua kwa sababu mama yake hakuamini?" Asipokuwa na jibu linalokuridhisha, usikubali tarehe ya ndoa itangazwe kanisani.