Nanyuki: Mji Kando ya Kambi

Mwanafunzi wa jiografia akiulizwa kwa nini mji umejengwa mahali fulani, majibu yake huwa tayari: mto, njia panda, bandari, soko, au madini. Majibu hayo ni mazuri, nasi wa upande huu wa Rwenzori tumeyazoea, maana Kasese ni mtoto wa shaba na reli, na Mpondwe ni mtoto wa mpaka. Lakini iko miji ambayo kukua kwake hakuelezeki vema pasipo kutaja jambo ambalo vitabu vyetu hulipita upesi, nalo ni kambi ya askari. Katika somo hili tutautazama mji mmoja wa namna hiyo, yaani Nanyuki katika nchi ya Kenya. Tumeuchagua kwa sababu wafanana sana na Kasese, hata mtu wa Kasese akifika huko hatajiona mgeni kabisa.

Fungua ramani ya Afrika ya Mashariki, uweke kidole juu ya mstari wa Ikweta. Ukianza kwetu, utauona mstari huo ukikata barabara ya Mbarara karibu na Kikorongo, kusini ya Kasese. Sogeza kidole kwenda mashariki, uvuke Ziwa Viktoria, upite Maseno, uvuke Bonde la Ufa, hata ufike chini ya Mlima Kenya. Hapo, kaskazini kidogo ya Ikweta, ndipo ulipo Nanyuki, kilomita kama 200 kutoka Nairobi kwa barabara. Basi nao ni mji wa Ikweta uliokaa chini ya mlima wenye theluji. Kilele kirefu cha Mlima Kenya, kiitwacho Batian, kina mita 5,199. Margherita yetu ina mita 5,109. Wapandaji wa mlima huko huanza safari zao Sirimon au Naro Moru, kama hapa wanavyoanza Nyakalengija, wakiwa na wapagazi na mizigo ile ile.

Tofauti ya kwanza ni kimo. Kasese umelala katika sakafu ya Bonde la Ufa, mita kama 1,000 tu juu ya bahari, na joto lake twalijua. Nanyuki uko juu karibu mara mbili ya hapo, mita kama 1,950, na usiku mtu hutafuta blanketi. Lakini miji yote miwili ina ukavu ambao mgeni hautazamii akiona theluji juu yake. Upande wa Nanyuki sababu ni hii: pepo zenye mvua hutoka Bahari ya Hindi, huupiga mlima upande wa mashariki na kusini, nazo humwaga maji yake huko Meru na Embu. Zikifika nyuma ya mlima zimebaki na kidogo. Kwa hiyo uwanda wa Laikipia, unaoanza mlangoni pa Nanyuki, ni nchi ya nyasi na miiba, na maji yake ni yale yanayoteremka kutoka mlimani. Mto Nanyuki hushuka kutoka Mlima Kenya, ukapita mjini, kisha ukaingia Ewaso Nyiro, mto uendao katika nchi kavu ya kaskazini. Kila shamba la juu linalochota maji ya kunyweshea mboga na maua humpunguzia mfugaji wa chini maji ya ng'ombe wake.

Sasa tujiulize: askari walipenda nini mahali hapa? Walipenda hewa baridi, njia nzuri ya kufikia, milima ya kuzoezea miguu, na zaidi ya yote uwanda mpana wenye watu wachache, ambapo bunduki kubwa zaweza kupigwa bila kuangusha nyumba. Ramani ya watu itakuonyesha kweli kuwa Laikipia ina watu wachache kuliko Nyeri au Meru. Mwanafunzi mvivu ataandika: "Kwa sababu ya ukavu." Ukavu una sehemu yake, lakini si jibu zima. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilifanya mapatano na Wamaasai, wengi wakapelekwa Laikipia, wakaahidiwa kuwa nchi hiyo itakuwa yao. Haikupita hata miaka kumi. Kuanzia mwaka 1911 walihamishwa tena kwenda kusini, na nchi ikagawanywa kwa walowezi wa Kizungu kwa mashamba makubwa ya mifugo. Uwazi ule ambao baadaye uliwafaa askari haukuletwa na mvua peke yake, bali ulifanywa kwa amri. Nionavyo mimi, mtu asiyejua jambo hili hawezi kuisoma ramani ya Laikipia, hata akiwa na ramani nzuri namna gani.

Mji wenyewe ulianza kwa kuwahudumia walowezi hao: maduka ya Wahindi, posta, mahali pa kuuzia ng'ombe. Reli kutoka Nairobi ilifika mwaka 1930, ikaishia hapo, kama yetu ilivyoishia Kasese mwaka 1956. Wakati wa vita kuu ya pili Waingereza waliweka hapo kambi ya mateka wa Kitaliani. Mwezi wa Januari 1943 mateka watatu, mmoja wao Felice Benuzzi, walitoroka katika kambi hiyo, wakapanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea kwa siri. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wote wakarudi kambini wenyewe wakajitoa! Wasomaji wa hapa watakumbuka kwamba Mtaliani mwingine, Mtawala wa Abruzzi, alipita bonde letu la Mubuku mwaka 1906 kwenda kupanda vilele vya Rwenzori. Yeye alikuwa na wapagazi wengi na chakula tele.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wengi walidhani askari wa Uingereza wangeondoka wasionekane tena, lakini kwa mapatano ya mwaka 1964 waliendelea kuja kufanya mazoezi, na mapatano hayo yamefanywa upya mara kwa mara. Kambi yao mpya ya Nanyuki, iitwayo Nyati, ilifunguliwa mwaka 2021. Wasio na habari hufikiri kwamba kambi ya Nanyuki ni ya Waingereza tu. Sivyo. Karibu na mji iko kambi kubwa ya ndege za vita ya Kenya yenyewe, nayo ilitajwa sana katika jaribio la kuipindua serikali tarehe 1 Agosti 1982. Baada ya hapo Jeshi la Wanahewa lilivunjwa na kuundwa upya.

Tuje kwenye idadi ya watu. Katika hesabu ya mwaka 2019 mji wa Nanyuki ulikuwa na watu 72,813, na Laikipia nzima watu 518,560. Namba hizi ziandikeni, lakini msizitazame kama namba za kilo za kahawa. Hesabu ya Kenya, kama ile ya Uganda, humwandika mtu pale alipolala usiku uliotajwa. Mwaka 2019 ulikuwa usiku wa tarehe 24 Agosti. Katika kijiji cha wakulima usiku mmoja hufanana na mwingine. Katika mji wa kambi sivyo. Waingereza wanaokaa Nanyuki daima ni wachache, kama mia mbili, lakini vikosi vinavyokuja kwa mazoezi ya majuma machache huleta maelfu ya watu kwa mwaka, kisha huondoka. Mji huvimba na kusinyaa kama kifua cha mtu apumuaye.

Halafu fikirini ni watu gani. Askari wengi ni wanaume vijana, nao wana mshahara usiongoja mvua. Mshahara huo huwavuta wengine: wapishi, wafuaji nguo, madereva, walinzi, mafundi, wauza nyama na mboga, wachonga vinyago, wenye nyumba za kupangisha, wenye baa. Huwavuta pia wasichana kutoka vijijini wanaotafuta riziki. Ukitembea mitaani utasikia Kikikuyu, Kimeru, Kimaasai, Kisamburu, Kiturkana, Kisomali, na Kiswahili kinachowaunganisha wote. (Sisi Waganda tuna deni hapa. Wazee wetu wengi walikidharau Kiswahili wakisema ni lugha ya askari na polisi, hata ikawa shida kukifundisha shuleni. Kumbe lugha ya kambi ndiyo hiyo hiyo ya soko.) Kodi ya nyumba hupanda kwa sababu ya mfuko wa mgeni, lakini mwalimu na fundi cherehani hulipa kodi hiyo hiyo kutoka katika mfuko wao mdogo.

Hatuwezi kuandika faida tukaacha hasara. Katika viwanja vya mazoezi vya Dol Dol na Archer's Post, wachungaji wa Kimaasai na Kisamburu, wengi wao watoto, waliumizwa na hata kuuawa na makombora yaliyobaki mavumbini. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 4.5. Mwezi wa Machi 2021 moto uliozuka wakati wa mazoezi uliteketeza maelfu ya ekari katika vilima vya Lolldaiga, na wakazi wakaenda mahakamani. Mwaka 2012 mwanamke kijana wa Nanyuki, mama wa mtoto mchanga, aliuawa, na mwili wake ukapatikana katika shimo la maji machafu la hoteli. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema muuaji alikuwa askari wa Uingereza, lakini hata hapo hakuna aliyeshtakiwa upesi; hati ya kumkamata mtu mmoja aliyekuwa askari ilitolewa na Mahakama Kuu ya Nairobi mwezi wa Septemba 2025, miaka kumi na mitatu baada ya kifo. Wako pia watoto waliozaliwa na baba walioondoka na vikosi vyao. Katika namba 72,813 watoto hao wamo, kila mmoja akihesabiwa kuwa mtu mmoja, na jedwali halina safu ya kuandika baba yuko wapi.

Mbona basi watu wa Nanyuki wengi hawataki kambi iondoke? Mtu wa Kasese asishangae. Shaba ya Kilembe ilianza kusafirishwa kwa reli mwaka 1956, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulikuwa umesimama. Baadaye reli nayo ilinyamaza. Mzee aliyekuwa na mshahara wa mgodi akarudi kwenye jembe. Hata hapa Nyakalengija tumeonja: vita vya ADF vilivyoanza Mpondwe mwezi wa Novemba 1996 vilifanya mlima ufungwe tangu 1997 hadi 2001, na mpagazi hakuwa na mzigo wa kubeba miaka hiyo yote. Lakini Kasese haukufa. Mwaka 2014 ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 100,000, wengi kuliko walivyokuwa wakati wa shaba. Uliokolewa na kamba nyingine: pamba, saruji ya Hima, samaki na chumvi ya Katwe, watalii, na barabara ya Mpondwe iendayo Kongo.

Nanyuki nao una kamba zake. Una barabara ya kwenda Isiolo na kaskazini yote, una mashamba ya maua na mboga upande wa Timau, una wanyama wa Ol Pejeta, na treni ya abiria ilirudi mwaka 2020 baada ya miaka mingi ya kutu. Mwaka huo huo ugonjwa wa korona ulisimamisha mazoezi ya Waingereza, na wenye mji wakapata nafasi ya kuona, bila kutaka, ni kamba ipi inayobeba uzito gani.

Zoezi. Chora ramani mbili kwa kipimo kimoja, ya Nanyuki na ya Kasese, uonyeshe Ikweta, mlima, mto, reli na barabara kuu; kwenye ya kwanza tia kambi, kwenye ya pili tia Kilembe. Kisha waulize watu kumi wa mtaani kwenu mshahara au biashara yao yatokana na nini, ukifuatilia fedha hiyo nyuma hatua mbili: muuza ndizi alilipwa na nani, na huyo naye alilipwa na nani? Andika majibu kwa Kiswahili, uyalete na ramani zako.