Boila Linawaka, Kisha Linazima

Swali: Boila la mvuke la dobi wetu huwaka sekunde chache, kisha huzima lenyewe. Pampu imekufa?

Jibu: La, pampu iliyokufa isingewasha moto kabisa. Kwa kawaida husukuma dizeli kwa psi 100, ingawa mvuke wa boila la shinikizo la chini hauvuki psi 15. Nozeli huipasua dizeli kuwa ukungu, feni huleta hewa, transfoma hurusha cheche ya volti zipatazo 10,000.

Mshukiwa wa kwanza ni jicho linalolinda moto. Likijaa masizi halioni mwali, na kidhibiti hukata mafuta. Fundi azime umeme, alifute kwa kitambaa laini, ndipo akague nozeli.

Kubonyeza kitufe cha kuwasha upya tena na tena ni hatari: dizeli isiyoungua hujikusanya ndani ya tanuri.