Mrija, Unyuzi au Fuwele? Istilahi za Kiswahili za Nuru Ipitayo Katika Kioo

1.0 Utangulizi

Nuru ya leza imekwisha kuingia katika maisha ya kila siku ya Mkoa wa Kagera, ingawa haionekani kwa macho. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, mwaka uleule kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam, unafika hadi Mutukula mpakani mwa Uganda na Rusumo mpakani mwa Rwanda. Mnunuzi wa kahawa wa Muleba anapopeleka fedha kwa simu kwenda Dar es Salaam, ujumbe wake husafiri sehemu kubwa ya njia ukiwa mapigo ya nuru ndani ya uzi wa kioo. Mwanafunzi wa kidato cha tano mjini Bukoba husoma kanuni za nuru hiyo kwa Kiingereza. Akitakiwa na mzazi wake aieleze kwa Kiswahili, hukwama. Lugha anayo, lakini maneno yaliyokubaliwa hana. Na yale machache aliyonayo, kama itakavyoonyeshwa, humpotosha.

Makala haya yanachunguza istilahi za eneo moja dogo la fizikia: nyuzi za kioo zenye matundu, na mapigo mafupi mno ya leza yanayopitishwa humo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, na unyuzi wa kwanza wa aina hiyo uliofanya kazi ulitangazwa mwaka 1996, kwa hiyo haiwezekani kuilaumu kamusi hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba katika eneo hili istilahi inayotaja umbo la kitu humsaidia msomaji kuliko inayofasiri jina la Kiingereza neno kwa neno.

2.0 Mkongo na kilichomo ndani yake

Neno mkongo limeenea kwa njia ya matangazo ya Serikali na magazeti. Wapo wanaoandika mkonga, na taswira yao ni ya ndovu: kiungo kirefu kinachofika mbali na kuleta kitu kinywani. Taswira hiyo ni nzuri kwa kebo nzima. Ila mkonga wa ndovu una uwazi ndani, na uzi wa kioo unaolazwa ardhini hauna uwazi wowote. Ni kioo kitupu, chenye kiini cha kioo kimoja kilichozungukwa na kioo kingine chenye fahirisi ya mpindo iliyo ndogo kidogo. Nuru ikigonga mpaka wa vioo hivyo kwa pembe ya kutosha, hurudishwa ndani. Huo ndio uakisi kamili wa ndani.

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba kinachozuia nuru kufika mbali ni uchafu uliomo ndani ya kioo, na kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kutumika kwa mawasiliano. Miaka minne baadaye kampuni ya Corning ya Marekani ilipata kioo cha namna hiyo. Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2009. Leo unyuzi wa kawaida hupoteza kiasi cha desibeli 0.2 kwa kila kilomita. Unyuzi wa kilomita 60 ukilazwa kandokando ya barabara itokayo Bukoba kuelekea Muleba, nuru itakayotokea upande wa pili itakuwa kama sehemu moja ya kumi na sita ya ile iliyoingia.

3.0 Shina la mgomba

Mwaka 1991 Philip Russell, mwanafizikia wa Uingereza, alipata wazo la kuielekeza nuru kwa kutumia matundu, bila kuchanganya vioo viwili. Unyuzi wa kwanza uliotokana na wazo hilo ulitengenezwa Southampton na kutangazwa mwaka 1996. Namna ya kuutengeneza ni rahisi kuieleza, ingawa si rahisi kuitenda. Mirija ya kioo, kila mmoja ukiwa na unene wa kama milimita moja, hupangwa kwa mikono katika fungu la pembe sita. Mrija wa katikati huondolewa na mahali pake huwekwa fimbo ya kioo isiyo na tundu. Fungu lote huingizwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzijoto 2,000, nalo huvutwa hadi kuwa jembamba kama unywele. Matundu hayapotei. Hupungua pamoja na fungu, hata umbali kati ya tundu na tundu ukawa mikrometa chache tu.

Msomaji wa Kagera hahitaji kwenda maabara kuliona umbo hili. Shina la mgomba uliokwisha kutoa mkungu likikatwa kwa kukingama, huonyesha magamba yaliyojaa vyumba vidogo vya hewa, vimepangana safu kwa safu, na katikati kuna bua jeupe lililoshiba, lisilo na uwazi. Bua hilo ni mfano wa moyo wa unyuzi, na magamba yenye hewa ni mfano wa eneo la matundu. Hewa iliyomo katika matundu hupunguza wastani wa fahirisi ya mpindo, na nuru hubaki katika moyo. Mfano huu una mpaka wake, kwa sababu vyumba vya mgomba ni vikubwa mno kuweza kuathiri wimbi la nuru. Pamoja na hayo, hakuna mchoro wa kitabuni unaoufikia kwa wepesi wa kueleweka katika nchi ambayo mgomba umesimama nyuma ya kila nyumba.

Mambo hubadilika moyo wenyewe unapokuwa tundu. Mwaka 1999 unyuzi wenye moyo mtupu ulitangazwa, na humo nuru husafiri hewani. Uakisi kamili wa ndani hauwezi kueleza jambo hili, kwa kuwa hewa ina fahirisi ndogo kuliko kioo. Kinachofanyika ni kwamba mpangilio wa matundu huyakataza mawimbi ya urefu fulani yasipenye pembeni, na kwa kuwa hayana pa kwenda, hubaki katikati. Kwa hiyo istilahi yoyote ambayo ingeundwa kutokana na neno uakisi ingefaa kwa unyuzi wa 1996 na kuwa ya uongo kwa ule wa 1999.

Mpangilio wenye tabia hiyo ya kuyakataza mawimbi fulani ndio uitwao fuwele ya fotoni. Maumbile yaliutumia kabla ya binadamu. Kipepeo Papilio nireus, anayepatikana katika misitu ya Afrika Mashariki na ya Kati, ana mabaka ya buluu na kijani mbawani. Mwaka 2005 watafiti wa Exeter walieleza kwamba magamba ya mabaka hayo yana matundu ya hewa yaliyopangwa kifuwele, na kwamba matundu hayo huisukuma nje nuru inayotolewa na rangi iliyomo.

4.0 Ubaya wa neno kasi

Kosa kubwa zaidi liko katika jina la leza zenyewe. Kiingereza huziita kwa neno lenye maana ya kasi ipitayo kiasi, na wafasiri wengi wangeandika bila kusita leza ya kasi mno. Mwanafunzi akisoma hivyo, ataelewa kwamba nuru ya leza hiyo hukimbia kuliko nuru nyingine. Si kweli. Kilicho kidogo ni muda wa pigo. Pigo la femtosekunde 100 humaliza kutoka kabla nuru haijasafiri zaidi ya mikrometa 30, umbali usiofikia unene wa unywele. Uwiano wa femtosekunde moja na sekunde moja ni kama wa sekunde moja na miaka milioni 32 hivi. Istilahi iliyo sahihi ni mapigo mafupi mno ya leza, nayo haihitaji ufafanuzi zaidi.

Hapo ndipo unyuzi wa matundu na mapigo mafupi vinapokutana. Pigo fupi huwa na rangi nyingi ndani yake, na katika kioo rangi hizo haziendi sawasawa. Ni kama mabasi yaliyoondoka kwa pamoja katika stendi ya Bukoba: hadi kufika Muleba yamekwisha kuachana. Pigo hutanuka na nguvu yake hupungua. Katika unyuzi wa kawaida rangi zinazokwenda pamoja ni zile za karibu na nanometa 1,300, lakini leza nyingi za mapigo mafupi wakati huo zilitoa nuru ya karibu na nanometa 800. Kwa kuchagua ukubwa wa matundu, watengenezaji waliweza kuuhamisha mkutano huo hadi nanometa 800, na moyo mdogo ukaikusanya nuru mahali pamoja. Mwaka 2000 watafiti wa Bell Labs nchini Marekani walipitisha mapigo ya femtosekunde 100 katika unyuzi wa sentimeta 75 tu. Iliingia nuru ya rangi moja ya mwisho wa wekundu, ikatoka nuru nyeupe yenye rangi zote kuanzia zambarau hadi infraredi. Nuru hiyo pana ilisaidia kukamilisha kitana cha masafa, chombo cha kupimia nuru ambacho kazi yake iliwapatia Theodor Hänsch na John Hall sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2005.

5.0 Mrija mbele ya vigezo

Mtaalamu wa Uganda, K. B. Kiingi, alipendekeza vigezo tisa vya kupimia istilahi, vijulikanavyo kwa kifupi kama PEGITOSCA. Miongoni mwake ni usahihi, uwekevu, umataifa, uwazi na kukubalika. Unyuzi wa fuwele za fotoni hupata alama nzuri katika umataifa. Katika uwazi haupati kitu. Anayesikia fuwele hufikiria chumvi au sukari, na unyuzi huu hauna fuwele kwa maana hiyo, kwani kioo si fuwele hata kidogo. Unyuzi wa mirija, kwa upande mwingine, hutaja ulivyotengenezwa na ulivyo.

Pingamizi linaweza kutokea katika kigezo cha kukubalika. Tangu enzi za Azimio la Arusha la 1967, mirija imekuwa jina la unyonyaji, na kukata mirija kulikuwa kauli ya majukwaani. Lakini Buhaya mrija una heshima ya zamani zaidi, maana wazee hunywea lubisi kwa mrija kutoka katika kibuyu, na mtoto anajua mrija ni nini kabla hajajua siasa. Maana moja haijawahi kuiua nyingine, na hakuna sababu ya kuogopa ya tatu.

Kuhusu sehemu ya katikati, kiini ni neno lililokwisha kubeba mzigo wa atomu na wa seli. Moyo linafaa zaidi, kwa kuwa huruhusu moyo wa kioo na moyo mtupu bila utata. Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Katika moyo mtupu nuru huenda kwa karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ambapo katika kioo huenda kama 200,000. Mwaka 2025 watafiti wa Southampton walitangaza unyuzi wa moyo mtupu, uliojengwa kwa mirija michache myembamba iliyopachikwa mmoja ndani ya mwingine, unaopoteza chini ya desibeli 0.1 kwa kilomita. Unyuzi huo haukatazi nuru kwa fuwele, kwa hiyo jina la fuwele haliufai tena, ilhali jina la mirija linaufaa kuliko awali. Katika zile kilomita 60 za barabara ya Muleba, zaidi ya robo ya nuru ingefika badala ya sehemu moja ya kumi na sita, na ingefika kwa mikrosekunde 200 badala ya 300.

Mafundi wanaochimba mitaro na kuunga nyuzi hizo huita kila aina faiba, na inaelekea wataendelea kuita hivyo. Neno hilo libaki kuwa jina la jumla la mitaani, na chini yake vitabu vya shule viweke unyuzi wa moyo wa kioo na unyuzi wa mirija, na unyuzi wa mirija ugawanywe kwa moyo wake.